Posa ya Seva ya Chini ya Ngazi

Kompyuta ya Mejumaa ililetwa nyumbani kwa kina Kamaludin juu ya mkokoteni wa maji, imefunikwa leso mpya gubigubi kama mgonjwa anayerudishwa kutoka hospitali. Nyuma yake alikuja Mejumaa mwenyewe, kajifunga kibwebwe juu ya buibui, na nyuma ya Mejumaa walikuja wote wasiokuwa na kazi asubuhi ile, na watu hao Mji wa Kale hawakosekani.

Mejumaa alikuwa na duka la leso Biashara Street. Malalamiko yake hakuyapeleka ofisini, ingawa ofisi ilikuwa pale pale chini ya nyumba. Aliyapandisha ngazi hadi kwa Bi Mahfudha, mamake Mzee Kamaludin, kwa sababu mtu mzima akikukosea humshitaki kwa polisi wala kwa diwani. Humshitaki kwa mamake.

Akaeleza kwamba alipata barua pepe kutoka ofisi ya Kamaludin, mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, ikimwambia ankara yako hii hapa. Akaifungua. Tangu saa ile kompyuta ilikuwa imefungia picha zote za leso zake, na badala ya leso ilionyesha fuvu la kichwa lililokuwa likicheka. Wateja walikuwa wameanza kuuliza kama ndio mtindo mpya.

Bi Mahfudha alishuka, akaifunua leso kwa adabu, akaiwekea kompyuta kiganja cha mkono juu.

"Ina homa," akasema.

"Ilikuwa juani, bibi," akasema mwenye mkokoteni.

Akaitwa Benard, karani wa ofisi. Benard alikuwa mtu wa Kisumu, lakini Mombasa ilikuwa imemkaa hata siku hizi alikuwa akisema inshallah kabla ya wenyewe. Alieleza taratibu. Pale chini ya ngazi, akasema, mna mashine inayopokea barua zote na kuzituma zote, ndiyo inayoitwa seva. Seva hiyo ni ya Linux, na virusi hivi haviidhuru hata kidogo. Inavipokea, inavipitisha, haikohoi. Anayeumwa ni yule anayeipokea barua upande wa pili.

Bi Mahfudha alifikiri. Akasema huyo basi ni kama mpishi mwenye tumbo zima anayewaharisha wageni wa harusi nzima, naye asubuhi ya pili anashangaa mbona mtaa umekuwa kimya. Na kama ni hivyo, akaendelea, mlinzi anayetakiwa si wa kutulinda sisi, ni wa kumlinda jirani. Haki ya jirani haina kesho. Mlinzi atafutwe.

Fairuz, mjukuu wake, alikuwa amesimama juu ya ngazi akisikiliza. Seva ile ilikuwa yake.

Si kwamba aliinunua. Iliundwa na binamu yake Nabiha, aliyesoma mpaka vyeti vikakosa ukuta wa kutundikwa, kisha akaolewa Muscat. Kabla ya kuondoka alimfundisha Fairuz kuitunza, na kumweleza kwa Kiswahili maneno ya Kizungu ambayo mashine ilikuwa ikiyasema. Wengine nyumbani walishangaa kwa nini Fairuz, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Nabiha hakushangaa. Alikuwa ameona kwamba wawili wale walikuwa na tabia moja.

Maana hata kuiacha shule, Fairuz hakuiacha. Mamake alikuwa amefariki na jiko halina mtu. Akaitwa mbele ya watu wazima akaulizwa kama angependa kubaki nyumbani amsaidie bibi. Fairuz akaangalia vidole vya miguu. Jibu alikuwa nalo, jibu refu lenye mwanzo na mwisho, lakini lilimkwama kooni kama mwiba wa changu. Watu wazima wakatazamana, wakasema alhamdulillahi, amekubali, kimya cha msichana ndiyo ridhaa yake. Sare yake ya shule ikakatwa vitambaa vya kuepulia sufuria. Kwa kimya hicho hicho alikuwa amekubali bamia, ambayo hakuipenda. Amekubali kulala chumba kimoja na shangazi anayekoroma. Na amekubali kushonewa nguo za rangi ya manjano maisha yake yote.

Na seva ya chini ya ngazi ilikuwa hivyo hivyo. Ukiiambia jambo ikalifanya, haisemi kitu. Haisemi sawa, haisemi nimemaliza. Inashuka mstari mmoja, inapepesa kijistari chake, inangoja. Husema pale tu inapokataa. Mara ya kwanza Fairuz kuona hivyo alikaa mbele yake muda mrefu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake katika mji wa kigeni.

Kwa hiyo habari ya mlinzi ilipoingia, alimtumia Nabiha ujumbe, na Nabiha akamjibu kwamba ipo programu ya bure ya kukinga virusi, inayotengenezwa na watu wa kila nchi kwa kujitolea, na kila siku huokota habari za magonjwa mapya. Haina fahari na ina uvivu kidogo, akasema, lakini kwa seva ya barua inatosha. Fairuz akamnong'oneza Benard, Benard akamwambia Mzee Kamaludin, na Mzee Kamaludin, ambaye alikuwa mtu wa kukubali jambo upesi ili arudi kwenye kahawa yake, akakubali. Mambo yangeishia hapo kama Bi Mahfudha hangetaka kujua huyo mlinzi hulinda vipi.

"Hufungua barua, mamangu," akasema Benard. "Huangalia ndani. Akiona salama, huifunga akaipitisha."

"Kabla sisi hatujaiona?"

"Kabla."

"Na zile za Nabiha, anazonielezea mambo ya mumewe?"

Benard akatazama boriti za dari. "Hizo pia, mamangu."

Bi Mahfudha akarudisha kikombe kwenye kisahani. Akasema mtu wa kuingia ndani kiasi hicho si mlinzi, ni mkwe. Na mkwe haajiriwi kwa simu. Apitie mlangoni, aje na wazee wake, apose, aulizwe kwao, na kama ana kheri atajulikana. Mzee Kamaludin alijaribu kusema kwamba ni programu tu. Mamake akamuuliza kama aliyeharibu leso za Mejumaa hakuwa programu tu. Mzee Kamaludin akarudi kwenye kahawa yake.

Wa kwanza kuja alikuwa dada mmoja aitwaye Terry, wa ofisi ya kuuza kinga mjini. Alikuja peke yake na mkoba. Akaulizwa wazee wako wapi, akacheka, kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka, akaketi vizuri. Bi Mahfudha akamuuliza huyo kijana wake ana uhusiano gani na kwao. Terry akafurahi kuulizwa, maana hilo ndilo alilokuwa akijivunia: programu yake, ikishuku kitu chochote, hukituma makao makuu ng'ambo kikachunguzwe, kutwa kucha, bila kuchoka.

"Yaani lolote la ndani humpelekea mamake," akasema Bi Mahfudha.

Terry alikuwa mkweli. Alifikiri, akasema kwamba ukilitazama hivyo, ndiyo. Akakirimiwa mahamri na mbaazi, akashukuriwa kwa safari yake, na mengine akafungiwa ya njiani.

Ikaja zamu ya ile ya bure. Bi Mahfudha akauliza kwao ni wapi. Benard akasema haina kwao hasa, kwao ni kwa watu wote.  Bi Mahfudha akasema kwa huruma kwamba mtoto wa watu wote ndiye asiyekuwa na hata mmoja wa kumwombea radhi. Akiharibu, tutamwita nani? Nani atakaa kwenye mkeka huu amsemee? Akazungusha macho, na macho yakamfikia Fairuz aliyekuwa na birika mlangoni. Fairuz alikuwa na la kusema. Akaangalia vidole vya miguu.

"Haya," akasema Bi Mahfudha. "Hata Fairuz ameona."

Ndipo akatokea Zakariya. Huyu alikuwa kijana wa Kizingo, wa nyumba zenye bustani, ambako hata kwenda kununua kiberiti watu hutoa gari. Alikuwa akiuza kinga ya bei kali yenye jina kama la dawa ya mbu. Lakini akili alikuwa nayo: kabla ya kuja alimuuliza Benard wateja hawa hununua vipi. Benard wakati huo alikuwa taabani. Ofisi za bandarini, kwa kuogopa virusi, zilikuwa zimeacha kupokea barua pepe za kina Kamaludin, na makaratasi yote alikuwa akiyapeleka Kilindini kwa mkono, jasho likimtoka kama mchukuzi. Alimwambia ukweli. Njoo na wazee, akasema, na usije mikono mitupu.

Zakariya akaja baada ya sala ya alasiri na ami yake, na wazee wengine wawili, wote kanzu, koti na kofia za kazi ya mkono, na sinia la halwa limefunikwa kawa. Gari halikuweza kuingia vichochoroni, kwa hiyo waliliacha mbali wakatembea. Kila mlango waliopita ulifunguka kidogo.

Ndani mambo yalikwenda kwa heshima. Walipomaliza kuulizana hali, na hali za watoto, na za wagonjwa, ami yake Zakariya akakohoa akaeleza kwamba wana kijana wao, mtulivu, anatoka ukoo unaojulikana, hapitwi na ugonjwa, na amependa kuingia katika nyumba hii. Bi Mahfudha, nyuma ya pazia pamoja na wanawake, akauliza huyo kijana anakula kiasi gani. Zakariya akakiri kwamba kumbukumbu ya mashine anaila kwa wingi, hata akiwa amekaa tu. Akaulizwa kama ana hasira. Akasema mara moja moja huifungia barua ya haki akidhani ni mbaya, lakini ukimwelewesha huomba radhi. Bi Mahfudha alionekana kulainika. Mwanamume wa kuomba radhi hakuwa amemwona kitambo.

Hapo ndipo Mwanaesha, jirani wa dirisha la pili, alipopiga kigelegele.

Kigelegele cha Mwanaesha kilikuwa kikisikika mpaka Ngomeni. Alikuwa ameona kanzu, ameona sinia, ameona kwamba nyumba ile ina msichana mmoja tu, akajumlisha. Dirisha la tatu likaitikia, kisha la nne, kisha mtaa wote. Kabla halwa haijakatwa, watu walikuwa wakipita chini wakimpa Mzee Kamaludin mkono wa heri, na Mzee Kamaludin, kwa aibu ya kuwakatalia watu mkono, alikuwa akiupokea.

Sebuleni kila mtu akamtazama mwenziwe. Kila mmoja alijua kwamba aliyeposwa ni seva. Lakini nani angetoka nje akasema hivyo? Kwamba wazee wa Kizingo wamekuja na halwa katika nyumba yenye binti aliyekomaa, wakampita binti, wakaenda kuposa chuma kilichoko chini ya ngazi? Ami yake Zakariya aliwazia maneno ya watu msikitini, akafunga macho. Mzee Kamaludin alimwazia binti yake akipita njiani, akafunga macho naye.

Bi Mahfudha ndiye aliyekata shauri. Kigelegele, akasema, ni kama maji ya kumwagwa, hakizoleki. Kwa kuwa watu wamekwisha kuja, na halwa imekwisha kuja, na kijana mwenyewe hana kilema, basi na ziwe posa mbili. Programu kwa seva, na Zakariya kwa Fairuz.

Zakariya alifungua kinywa. Lakini kinywani mlikuwa na halwa, na alikuwa hajui mikataba ya Mji wa Kale hufungwa vipi. Pengine ndivyo wafanyavyo. Akafunga kinywa. Wazee wakasema naye ameridhia.

Fairuz aliulizwa siku ile ile? Hakuulizwa. Maalim Sabir, aliyefundisha watoto Kurani chuoni nyuma ya nyumba na ambaye kila posa ya mtaa hupita kwake, aliletewa habari akasema kwamba wote wawili waulizwe mbele yake siku ya Ijumaa baada ya alasiri, seva kwanza, kisha msichana. Seva ni adabu tu, akasema, lakini msichana ni sheria. Wakamkumbusha kwamba Fairuz ni mtu wa haya, hatasema kitu. Akasema akinyamaza itatosha.

Siku zile zilikuwa nzito. Wanawake walikuja wakamsugua Fairuz liwa, wakamnusisha udi, wakamwambia Kizingo kuna upepo. Nguo ya harusi ilichaguliwa, ya manjano. Zakariya alimpigia Benard simu kupanga mambo, na katika kupanga akasema kwa wema kabisa kwamba wakishaoana hapatakuwa na haja ya mashine ile. Barua zitapitia kwenye mitambo ya ofisi yake, na pale chini ya ngazi patafaa kuwekwa makaa. Benard alimfikishia Fairuz maneno hayo.

Fairuz alikwenda akaketi chini ya ngazi. Alijaribu kulisema neno kwa sauti, sitaki, na sauti haikutoka. Basi akaliandika. Aliandika kwenye mashine, sitaki, akabonyeza. Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani. Akaandika tena. Haijulikani. Fairuz akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa seva, uliokuwa na joto kama wa paka, akawaza kwamba huyu naye hakufundishwa neno hilo.

Ijumaa ikafika. Kiti cha Maalim Sabir kiliwekwa chini kabisa, mbele ya ngazi. Wanaume walikaa ofisini, kati ya makabati na makaratasi ya bandari. Wanawake walijaa kwenye ngazi yenyewe, pazia limetandazwa mbele yao, na Bi Mahfudha ngazi ya chini. Juu ya seva mtu alikuwa ameweka vikuba vya asumini. Mejumaa alikuwapo, kwa sababu alikuwa mdai. Mwanaesha alibaki dirishani kwake kwa sababu ndiko sauti yake ilikokuwa ikitoka vizuri.

Fairuz aliitwa atoke mbele ya pazia, kajifunika mtandio, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua lugha ya mposwa. Zakariya akampa kidude chenye programu.  Akaiingiza, akaandika maneno ya kumkaribisha, akabonyeza.

Kioo kikajaa maandishi. Yalipanda kama sisimizi.

"Anasema nini?" akauliza Maalim Sabir.

Hili Fairuz aliweza kulijibu, maana hayakuwa maneno yake. Alikuwa akiyasoma tu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anasema hana nafasi ya kumlisha, na kwamba vitu anavyovitaka havipo humu ndani.

Maalim akatikisa kichwa kwa upole. Akasema mwari mara ya kwanza hujitia kukataa. Aulizwe tena.

Akaulizwa tena. Sisimizi wakapanda tena, na safari hii mwisho wao ulikuwa na mstari mmoja peke yake.

"Anasema nini?"

"Anasema, ruhusa imekataliwa," akasema Fairuz.

Zakariya akainama mbele. Alikuwa na haraka, gari lilikuwa juani. Akasema si kitu, mashine hizi ndivyo zilivyo. Kuna neno la kuongeza mwishoni, la kulazimisha. Ukilitia hilo, itake isitake itapokea.

 Hata wanawake nyuma ya pazia waliacha kupepea.

"La kufanyaje?" akauliza Maalim Sabir.

"Kulazimisha, Maalim. Kwa nguvu."

Maalim Sabir alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa. Akasema kwamba yeye katika maisha yake amesikiliza ridhaa nyingi, nyingine za machozi, nyingine za kicheko, lakini ridhaa ya nguvu si ridhaa, wala hatakaa katika kiti kile akaishuhudia, hata kwa chuma. Huyu amekataa. Amesema mwenyewe, na sote tumesikia. Ami yake Zakariya akawa wa kwanza kusema kweli kabisa.

"Hakuna mwingine aliyemposa?" akauliza Maalim.

Benard akakohoa. Akasema yuko mmoja, yule asiye na kwao. Na kama ni mtu wa kukaa kwenye mkeka amsemee, yeye Benard amechoka kutembea Kilindini, atakaa. Akavua viatu, akakaa mkekani miguu imemnyooka kwa sababu kuikunja hakujazoea, na wazee wakamsogezea mto.

Fairuz alikuwa ameiteremsha ile ya bure kutoka mtandaoni zamani, siku ile ile Nabiha alipomwambia. Ilikuwa ikingoja mlangoni. Akaandika amri ya kuiambia ianze, akabonyeza.

Mashine ikashuka mstari mmoja. Ikapepesa kijistari chake. Haikusema kitu.

Wote walikaza macho. Feni ya juu ilizunguka. Kijistari kikapepesa, kikapepesa.

"Mbona hasemi?" akanong'ona ami.

"Amekubali," akasema Fairuz.

Mejumaa hakuridhika kwa maneno. Alitaka kuona. Barua yake ile mbaya, Benard alikuwa ameihifadhi kwenye simu. Akaituma tena, na kila mtu akangoja kama wanaongoja mbisi zilie. Haikufika. Ilikuwa imeshikwa njiani ikafungiwa chumba cha peke yake, na mlinzi alikuwa ameandika jina lake na kosa lake. Mejumaa akasema, "Huyo ndiye mwanamume," na hakuna aliyembishia.

Ikawa imebaki posa ya pili.

Fairuz akarudishwa nyuma ya pazia, akakalishwa karibu na bibi yake. Maalim Sabir akageuza kiti. Akamtaja kwa jina lake na jina la baba yake, akamuuliza kama ameridhika kuolewa na Zakariya, kijana wa Kizingo, mwenye tabia njema na kazi yake.

Fairuz akaangalia vidole vya miguu. Vilikuwa vimepakwa hina. Jibu lilikuwa pale pale kooni, lenye mwanzo na mwisho, halipandi wala halishuki. Akasikia feni. Akasikia Bi Mahfudha akivuta pumzi ya furaha, na juu kule, dirishani, akasikia Mwanaesha akilainisha koo. Maalim alikuwa akihesabu kimya kama mtu anayengoja chai iive. Bado kidogo itakuwa ridhaa. Na lile neno lake, lile aliloliandika hata mashine ikamwambia halijulikani, hakuwa nalo mdomoni.

Lakini lile jingine alikuwa nalo. Alikuwa amelisema sasa hivi mbele ya watu wote, na dari haikuanguka.

"Ruhusa imekataliwa," akasema.

Kwanza watu walidhani amesoma kitu. Bi Mahfudha aliangalia kama ana simu mkononi. Hakuwa nayo.

Maalim Sabir akasema, kwa upole ule ule, kwamba mwari mara ya kwanza hujitia kukataa. Akamuuliza tena.

"Ruhusa imekataliwa," akasema Fairuz, na safari hii sauti ilifika mpaka makabatini. "Na msitie lile neno la mwisho."

Nyuma ya pazia Bi Mahfudha alikuwa amemshika mjukuu wake mkono, akimtazama kama anayemtazama kasuku wa nyumbani aliyekaa miaka akadhaniwa bubu. Mzee Kamaludin alijikuta amesimama. Kuhusu Zakariya, waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba alitoa pumzi ndefu ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Aliuliza tu kama ofisi ingependa angalau kuijaribu programu yake mwezi mmoja bure, na ami yake akamkanyaga mguu.

"Huyu naye amekataa," akasema Maalim Sabir. "Amesema mwenyewe, na sote tumesikia." Akasimama, na shughuli ikawa imekwisha.

Ila ilikuwako halwa, na pilau ilikuwa jikoni, na Mwanaesha alikuwa na kigelegele kilichokwisha kufika ulimini. Hakiwezi kurudi. Akakitoa. Mtaa ukaitikia, na walipouliza ni nani aliyeolewa, wakajibiwa kwamba ni seva ya kina Kamaludin, imeolewa na mtu wa watu wote, na Benard ndiye aliyekuwa mzee wa bwana harusi. Wakasema Mungu awajaalie. Zakariya na wazee wake walikula vizuri sana. Wiki iliyofuata ofisi za bandarini zilianza kupokea barua za kina Kamaludin, na Benard akanunua viatu vipya akaviweka tu.

Usiku ule ule wa Ijumaa, walipokaa kula kilichobaki, Bi Mahfudha alifunua bakuli la bamia. Akateka upawa, akaupeleka juu ya sahani ya Fairuz kama alivyoupeleka miaka yote. Fairuz alikuwa kimya. Upawa ukasimama hewani, bamia zikichuruzika.

"Sema, mwanangu," akasema Bi Mahfudha. "Kimya chako mimi sikijui tena."

Akangoja, mkono umemnyooka, mpaka jibu likaja.